Pango Linalosalimiwa

Jumamosi, tarehe 22 Novemba. Buffalo, Amerika. Usiku kucha ilinyesha mvua yenye theluji ndani yake, ile isiyojua inataka kuwa nini, na upepo wa ziwani bado unasukuma dirisha la jikoni. Nimerudi kutoka kazini kabla hakujapambazuka na sijalala. Viatu vya kazi viko bado miguuni, kwa sababu nikiinama kuvivua nitalala hapohapo chini.

Mjomba wangu yuko sebuleni, amelala kwenye kochi, miguu imezidi ikaning'inia. Yeye ni mtoto wa mwisho katika tumbo lililomzaa mama yangu, na ni mchungaji wa kanisa la Wakongomani kule Louisville. Dada yangu mkubwa, tunayemwita yaya, amelala chumbani na watoto wangu. Jana mjomba aliendesha gari kutoka Louisville, akampitia yaya Columbus, wakaja mpaka hapa West Side kwa ajili ya jambo moja tu: kumchukua nkambo.

Nkambo ni bibi yetu, mama wa mama yetu na mama wa mjomba. Ndiye aliyetulea mimi na yaya tangu mama alipofariki. Amekaa kwangu sasa mwaka wa pili. Mjomba anasema nyumba yangu inamrudisha mama yake kwenye mambo ya mapepo, tena itamvunja mguu. Yaya anasema mwacheni mzee wa watu. Leo baada ya chai tutakaa mezani, na wote wawili wamekubaliana kitu kimoja tu, kwamba mimi nitangulie kueleza habari za pango, kwa sababu eti sina upande.

Kweli sina upande, lakini msinisifu. Ni uchovu tu, na woga wa kukosea. Shule niliishia darasa la saba, kambini, na tangu hapo ninaandika haya madaftari yangu bila kujua kama ninaandika vizuri. Basi wewe unayesoma, nivumilie kama rafiki wa zamani. Ninajaribu kwako kwanza kabla sijasema mbele yao.

Sisi ni Watabwa wa upande wa Moba, Kongo. Vita vilipotusukuma tulivuka mpaka tukaangukia kambi iliyokuwa kaskazini ya Zambia, katikati ya msitu. Mimi niliingia pale nikiwa nimebebwa mgongoni, nikatoka nikiwa na ndevu mbili tatu, kwa hiyo nikisema "kwetu" mara nyingi ninasema pale. Kama umewahi kukaa kambini unaijua harufu yake: mihogo iliyolowekwa kwenye maji ya kijito, moshi wa kuni mbichi, sabuni ya mgao. Msimu wa masuku, matunda ya porini, tulienda msituni kuokota, tukala mpaka meno yakaganda kwa utamu, na jioni tulirudi na viwavi ndani ya kopo, nkambo akivikaanga kwa chumvi tu, bila mafuta.

Nyuma ya mashamba ya mihogo kulikuwa na kilima cha mawe ya kijivu, na ubavuni mwa kilima, pango. Nimeona watu kwenye simu wakionyesha mapango makubwa ya watalii, yenye taa ndani. Letu lilikuwa dogo. Watu wazima kumi wangekaa wakibanana, wa kumi na moja angebaki nje. Au labda walikuwa zaidi. Nilikuwa mtoto, na mtoto anapima kwa macho yake. Mlango ulikuwa chini kiasi kwamba hata mimi niliinama. Ndani kulikuwa na baridi tamu na harufu ya jiwe lililolowa. Mahali fulani nyuma tone la maji lilidondoka, likanyamaza, likadondoka tena. Ukutani kulikuwa na alama nyekundu, mistari na nukta zilizopangana kama ngazi. Watu wa kijiji walisema ni ngazi ya mvua. Mwalimu wetu wa kambini alisema zilichorwa na watu wa kale sana, waliokaa hapo kabla ya hao wa kijiji. Nawaachia wote wawili, sikuwepo.

Wenyeji walikuwa Wabemba, na kwao pango lile lilikuwa nyumba ya ngulu, yaani roho wa mahali, mwenye mvua na mbegu. Kabla ya kupanda, kila nyumba ilipeleka kiganja cha mbegu zilale humo. Aliyeyatunza yote hayo alikuwa mama mmoja mzee, mwembamba, na shanga nyeupe shingoni. Sisi tulimwita mwenye pango. Na pango lile lilisalimiwa. Unavua viatu, kama unavyo. Unapiga magoti mlangoni. Unapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti iwe nzito: pa, pa, pa. Unasema wewe ni nani, mtoto wa nani, umetoka wapi. Unaweka unga mweupe kidogo juu ya jiwe la mlangoni, ndipo unainama na kuingia. Na kulikuwa na sheria moja iliyozidi zote: unga uliowekwa hauokotwi. Hata kama umemwaga mwingi kwa bahati mbaya, hata kama nyumbani watoto hawajala, ukishafika chini si wako tena.

Aliyejigonga kichwa pale mlangoni hakuambiwa pole. Waliokuwa ndani walicheka wakasema, "Limekusalimia!" Ilikuwa aibu na heshima kwa pamoja.

Sisi tulikuwa Wakristo, tena wa kufunga na kukesha. Lakini kambi haina kimya. Ukisali ndani ya hema, jirani anakohoa, mtoto wa jirani analia, redio ya jirani wa pili inatoa habari. Donc, basi, wamama wa kanisa walipoliona pango walisema hapa Mungu ametuandalia chumba. Wakaanza kwenda siku za kufunga. Mwenye pango hakukataza. Kibemba na Kitabwa ni watoto wa mama mmoja, kwa hiyo yeye na nkambo walielewana mapema, wakawa wanakaa nje juu ya jiwe, wakinywa munkoyo, togwa ya kwao, kutoka kwenye galoni la njano, kila mmoja akimwambia mwenzake habari za Mungu wake bila haraka.

Kisha mjomba akaokoka. Alikuwa kijana, sauti kubwa, shati moja. Nasema hivi bila kumdharau, sote tulikuwa na shati moja. Asubuhi moja alienda pangoni na ufagio, akafagia unga wote akaumwaga nje. Shanga zilizotundikwa humo alizirusha bondeni. Akarudi kambini anaimba. Vijana wa kwaya walimpokea kama mtu aliyeua simba.

Jioni ileile wenyeji walifunga njia ya kuni. Hawakupiga mtu wala kutukana. Walikaa tu njiani, wanaume kwa wanawake, na kila mkimbizi aliyekuja na panga walimwambia rudi. Kambi nzima ililala bila moto. Mahindi ya mgao yalikuwepo, magumu, na hakuna kuni za kuyapika.

Nkambo hakumpiga mjomba. Alichota unga kwenye bakuli, ule uliokuwa wa kesho yetu, akamshika mjomba mkono upande mmoja na mimi upande mwingine, tukaenda kijijini. Alipiga magoti mbele ya mwenye pango, akapiga makofi yale mazito. Mjomba alisimama. Nkambo akamvuta shati chini mpaka mshono ukalia, naye akapiga magoti.

Mwenye pango alimtazama, akasema: "Ni huyu anayejua kufagia? Basi afagie. Kila juma, mpaka mvua iishe. Afagie mavumbi tu, unga auache." Kisha akasema neno ambalo nkambo hulirudia mpaka leo: "Waambie watu wako wasali. Lakini mlango ule hata mfume wetu anauinamia."

Nimeandika mfume, nilitaka kusema mfalme. Naliacha hivyo hivyo, mkono umechoka.

Mambo yanagawanyika hapa. Mjomba anasema alidhalilishwa, kwamba kijana aliyeokoka alilazimishwa kutumikia sanamu na mama yake mwenyewe. Nkambo anasema alifundishwa adabu ya kuingia nyumba ya watu. Mimi nilikuwa nikimfuata na kibuyu cha maji, naye akifagia kwa hasira, mavumbi yakinijia puani. Hayo niliyaona. Lakini niliona na jambo jingine. Mvua zilipokaribia kuisha alianza kwenda hata siku zisizo zake. Akimaliza kufagia alikaa ndani na kuimba, kwanza polepole, halafu kwa nguvu, kwa sababu pango lilichukua sauti ya mtu mmoja likairudisha kama ya watu wengi. Baadaye akaanza kuhubiri humo, peke yake, mimi nikiwa kanisa lote. Nikisinzia alinirushia kokoto. Sauti anayohubiri nayo Louisville leo, naamini aliipata mle. Sijawahi kumwambia hivyo. Sijui kama ni haki kumwambia, labda aliipata kwa Roho Mtakatifu na mimi ni mjinga.

Jina letu lilipotoka la kuja Amerika, nkambo alienda kuaga. Kwa wenyeji, kama mahali pamekulinda huondoki kimyakimya kama mwizi wa kuku. Unapiga magoti tena, unasema jina lako tena, unataja unakokwenda. Nilikwenda naye. Alilia, akamwambia mwenye pango kwamba huko tuendako hakuna pango. Yule mama alicheka, meno mawili matatu, akasema, "Utaona mahali pa kuinama. Usali hapo."

Tulifikia Louisville, wote kwenye apatimenti moja, tukajifunza kuwasha jiko na kuogopa barua za bili. Baadaye yaya aliolewa akahamia Columbus, upande wa Northland, pale Morse Road penye maduka ya Kiafrika. Mimi nilisikia Buffalo kuna kazi na nyumba za mbao za zamani ambazo mtu kama mimi anaweza kuzipata. Nkambo akawa wa kuhamishwa. Kwa mjomba alikaa miaka mingi akisali kanisani na kila mtu, lakini akawa anapungua maneno. Kwa yaya alijifungia bafuni na kusali ndani ya beseni kubwa la kuogea, amekaa na nguo zake zote, mpaka siku moja watoto wa yaya wakagonga mlango wakilia kwa haja. Yaya husimulia hii kwenye kila sherehe.

Alipofika kwangu alishuka bezimenti, chumba cha chini ya nyumba, kunisaidia kutafuta sepetu ya theluji, akasimama. Bezimenti yetu ni ya zamani, kuta za mawe yasiyosawazishwa, paa chini, bomba limepita mwisho wa ngazi pale pa kichwa. Nyuma ya boila maji yanadondoka kidogo kidogo. Nimejaribu kuziba nimeshindwa. Nkambo alisikiliza lile tone. Alivua kandambili zake. Kesho yake nikakuta unga mweupe kwenye ngazi ya juu.

Tangu hapo anashuka kila siku, mke wangu akiwa kazini, mimi nimelala, na watoto shuleni. Anapiga makofi mlangoni, anasema jina lake, anashuka, anasali kwa jina la Yesu. Nimemsikia kwa masikio yangu, ni Yesu. Lakini unga ni unga, nao ninauona. Nilimwuliza mara moja unga ni wa nini, akasema, "Macho yangu yamekufa. Nyeupe njo inanionyesha ngazi inaanzia wapi." Njo ni ndiyo ya kwetu. Inawezekana. Inawezekana pia alinijibu kile ninachoweza kubeba.

Na mwezi uliopita alianguka. Ngazi tatu za mwisho. Nyonga ikavimba, mfupa ukapona kwa neema. Mke wangu anatunza wazee wa watu wengine mchana kutwa, mimi ninabeba maboksi usiku nalala mchana kama maiti, na mzee wetu alikuwa chini kwenye saruji, akiita. Binti yangu aliporudi shuleni ndiye aliyemsikia. Hilo silisemi kwa kumtetea mjomba. Nalisema kwa sababu ni kweli, nami nilikuwa nimelala juu yake, sakafu moja tu kati yetu.

Nasikia mjomba anakohoa. Wameamka. Naacha.

*

Ni usiku sasa. Theluji imeshinda mvua, barabara imekuwa nyeupe. Naendelea.

Tulikaa mezani. Mke wangu alitoa chai ya tangawizi na mikate. Nkambo alikaa mwisho wa meza, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Nilisema yote niliyoandika hapo juu, isipokuwa maneno machache niliyoyameza. Nilisema kuhusu kufagia. Nilipofika kwenye kuimba nilisita, halafu nikasema na hilo, kwamba sauti ya mjomba naona ilikulia mle.

Yaya akaangalia chai yake. Mjomba akaweka kijiko chini.

"Bon, sawa," akasema. "Hukudanganya. Niliimba mle. Lakini mtu anaweza kuimba gerezani pia."

"Gereza gani lile lililokuwa wazi mlango?" nkambo akasema.

"Mama, ulinivuta shati mbele za watu."

"Nilikushonea."

"Ulinishonea na uzi mwekundu! Shati jeupe!"

Yaya akacheka mpaka akashika meza. "Njo huo uzi tu ulikuwepo, pasta. Tulikuwa tunakuita bendera."

Mjomba alitaka kukasirika akashindwa kidogo. Kisha akasema lile alilolileta kutoka mbali, na nitaliandika kama alivyolisema, kwa sababu halikuwa la kipumbavu. Alisema: "Mimi sikuja kupigana na pango. Pango liko huko, sisi tuko huku. Nimekuja kwa sababu mama yangu alilala chini kwenye saruji akiita watu wasiomsikia. Kule kwangu hakuna ngazi. Mke wangu anashinda nyumbani. Na ile habari ya unga, sitaki waumini waje waniulize mama wa mchungaji anamwagia nani unga. Hayo ni mawili. Mkitaka, likataeni la pili. Lile la kwanza mnanijibu nini?"

Mke wangu alimwongezea chai. Yaya alisema angemchukua yeye, lakini anakaa orofa ya tatu na lifti hufanya kazi siku zile inazopenda.

Nkambo akainuka. "Muone kwanza mnachoninyima," akasema, akaelekea mlango wa bezimenti. Nilimkimbilia nikamshika kiwiko. Alivua kandambili, akapiga makofi, akataja jina lake, la baba yake, na la kijiji cha Moba ambacho sidhani kama kina mtu tena. Tukashuka ngazi moja moja. Nilimweka kwenye kiti cha plastiki karibu na boila, nikasimama kando.

Mjomba alikuja nyuma yetu. Alisimama juu muda. Nilikuwa chini, nikaona viatu vyake tu, vile vyeusi vya madhabahuni. Vikasimama pale penye unga. Kisha nikaona kimoja kinavuliwa, na kingine. Makofi hakupiga, nasema nilichokiona. Mikono aliiweka nyuma. Akashuka na soksi, ameinua kidevu kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga, na mwisho wa ngazi, pu! bomba likamkuta kwenye paji la uso.

"Limekusalimia!" nkambo akapiga kelele.

Alicheka. Miaka miwili sijamsikia anacheka vile, cheko la mtu mwenye meno yote. Alijipiga mapaja. "Wewe ulizaliwa kichwa mbele, na mpaka leo unatanguliza kichwa! Limekujua! Limesema, huyu si yule wa ufagio?"

Mjomba alijishika paji la uso, akakaa kwenye ngazi ya chini. Mabega yalikuwa yanatikisika, nikadhani ameumia sana. Alikuwa anacheka naye. Halafu sikujua tena kama ni kucheka. Lile tone likadondoka nyuma ya boila. Tukalisikiliza sote watatu. Juu, binti yangu akauliza kwa Kiingereza nani ameanguka, na yaya akamjibu kwa Kiswahili kwamba ni pasta, waache.

"Imba," nkambo akamwambia.

"Hapa, mama?"

"Unaogopa boila?"

Akaimba. Wimbo wa zamani wa kwaya ya kambini, ubeti mmoja tu, sauti ya chini. Mawe ya bezimenti si kama ya kule. Sauti haikurudi kama ya watu wengi. Ilirudi kama ya watu wawili, labda. Lakini ilirudi.

Alipomaliza nkambo aliweka mkono juu ya nyonga ile iliyovimba. Nilifikiri sasa mjomba atasema abaki. Nilifikiri hivyo, na nilitaka hivyo. Sasa naona kwamba upande nilikuwa nao. Lakini ni nkambo mwenyewe aliyesema.

"Nitaenda na wewe. Ngazi zimenishinda. Huyu mtoto," akanielekeza kidole, "analala mchana kama mfu, nami nikianguka tena ataamka ajiue kwa majuto. Sitaki."

Mjomba akafuta uso. "Kwangu kuna stoo ndogo," akasema polepole, "chini ya ngazi za jirani wa juu. Tunaweka masanduku. Paa lake limeinama, hata mtoto anainama. Nitatoa masanduku."

"Kuna maji yanadondoka?"

"Jirani akioga, yanasikika."

"Inatosha."

"Lakini unga, mama, hapana."

"Unga nitamwomba mkeo, mwenye jiko. Wewe sikukuomba."

Sitasema mjomba alikubali. Alisimama, akainama chini ya bomba safari hii, vizuri, akapanda.

Kabla ya kuondoka nkambo aliomba kuaga, ili asitoke nyumbani kwangu kimyakimya. Walikuwa na haraka, kwa sababu kesho lazima mjomba awe madhabahuni na njia ni ndefu, Columbus kwanza, kisha Louisville, na theluji ilikuwa inaanza kushika. Hata hivyo walisubiri. Safari hii hakushuka; alipiga magoti pale mlangoni juu, tukimshika huku na huku. Akasema jina lake tena, akataja Louisville, akasema amelindwa vizuri hapa. Akaomba debe la unga. Mke wangu akamletea akidhani atachukua kidogo. Nkambo akatia kikombe chote ndani, akachota, akamwaga ngazi ya juu; akachota tena, akanipa nishuke nimwage kila ngazi mpaka chini, mpaka bomba. Nikafanya. Mjomba alikuwa amesimama nyuma, koti mwilini, funguo za gari mkononi. Alitazama unga unavyoshuka.

Wanangu walimkumbatia. Mdogo alimwuliza kwa Kiingereza atarudi lini, naye ambaye hajui Kiingereza akajibu sawasawa kwa Kitabwa. Gari likaingia barabarani, taa nyekundu mbili, kisha theluji.

Nimelala kidogo, nimeamka, nimekuja tena hapa mezani. Kambi ile ilifungwa siku nyingi, wanasema miti imerudi juu ya mashamba yetu ya mihogo na huwezi kujua kwamba palikuwa na maelfu ya watu, shule, kwaya, vita vya kugombea bomba la maji. Mwenye pango lazima amekufa, alikuwa mzee mimi nikiwa na magoti yenye vidonda. Pango naamini lipo, mawe hayahami. Lakini sijui nani anapiga magoti pale siku hizi. Makofi yale ukiyapiga vibaya yanatoa sauti nyembamba, ya kushangilia mpira, na mimi mwenyewe leo nilipojaribu peke yangu mlangoni yalitoka hivyo hivyo, membamba. Binti yangu alinitazama. Nikamwambia akunje viganja, nikamwonyesha, akapiga, na lake likatoka zito. Akaenda zake kwenye simu. Sijui kama atakumbuka. Sitaki kuandika kwamba atakumbuka.

Taa ya bezimenti inawaka bado. Nkambo hakuizima kamwe, na leo sikushuka kuizima, maana ningekanyaga unga.

Jioni tulikula bukari, ule ugali wetu, sombe ya majani ya mihogo, na ndagala, yaani dagaa, ambazo yaya alizileta kutoka duka la Morse Road. Unga hakuleta, alijua tunao. Mke wangu alikung'uta debe mpaka mwisho, na bukari ikatoka laini, karibu uji, tukaila kwa vijiko. Unga uliobaki ulikuwa kwenye ngazi, mweupe, mwingi wa kutosha sahani mbili, na hakuna hata mmoja mezani aliyesema tukauokote.